Soma Kibao Kabla ya Kulipa: Magonjwa ya SUV Ndogo za Mtumba na Bei ya Kuyatibu

X-Trail mbili zimeegeshwa ubavu kwa ubavu kwenye yadi moja, moja ya mwaka 2005 na nyingine ya 2009. Jina ni moja, nembo ni moja, na dalali atakwambia zinatofautiana sura tu. Kwa mfuko wa mnunuzi ni magari mawili yasiyo na undugu. Ile ya 2005, ambayo mafundi huiita T30, kwa kawaida ina giaboksi otomatiki ya gia nne, ya mtindo uliozoeleka gereji zote. Ile ya 2009, yaani T31, mara nyingi ina CVT, giaboksi isiyo na gia za kawaida. Ikiharibika, mafundi wengi hawaifungui. Wanaing'oa na kufunga nyingine. Anayekwenda yadi akiuliza kama X-Trail ni nzuri au mbaya, ameuliza swali lisilo na jibu.

Hukumu zetu za mtaani zimejengwa juu ya majina. X-Trail ni mkosi, Toyota haifi, Subaru inakunywa mafuta, Mazda haina spea. Kila hukumu ina chembe ya ukweli, na kila moja imeshamponza mtu. Gharama ya SUV ndogo iliyotumika huamuliwa na jozi ya injini na giaboksi iliyomo ndani yake, pamoja na oili na maji yaliyopita ndani ya jozi hiyo kabla gari halijafika mikononi mwako. Jozi hiyo imeandikwa kwenye kibao kidogo cha bati ndani ya boneti. Kwenye Toyota za Japani utakuta humo alama ya modeli, ya injini na ya giaboksi. Nissan nao wana kibao cha namna hiyo. Hata kama baadhi ya maandishi ni ya Kijapani, alama zenyewe, kama 2AZ-FE au QR20DE, zinasomeka na mtu yeyote.

Kwanza tuone kwa nini magari haya yamejaa kwetu. Japani gari jipya hukaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kadiri linavyozeeka ndivyo mwenyewe anavyoona nafuu kuliuza mnadani kuliko kulitengeneza lipite ukaguzi. Huko ndiko tunakonunua sisi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania haina katazo hilo, ila hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la kati ya miaka 8 na 10, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini, asilimia 5 kwa injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000, asilimia 10 kwa inayozidi hapo. Ndiyo maana lita 2.0 zimetawala barabara zetu kuliko lita 2.4. Na ndiyo maana X-Trail T30 iliyoko Nairobi leo ni gari lililokwisha kuishi na mafundi wa Nairobi miaka mingi, wakati Dar es Salaam bado unaweza kukutana na iliyoshuka melini karibuni. Hali zao chini ya boneti haziwezi kufanana.

Bei nitakazotaja ni makadirio ya Dar es Salaam, spea na ufundi pamoja, kwa shilingi za Tanzania. Zinapanda na kushuka kwa kufuata dola. Msomaji wa Kenya akigawanya kwa 20 atapata picha ya karibu.

Nianze na joto, kwa sababu hakuna kinachoua injini nyingi kwetu kama joto, na hakuna sehemu ya gari ambayo gereji zetu zimeikosea kama mfumo wa kupoza injini. Desturi imeenea kwamba gari likichemsha mara moja tu, fundi anang'oa thamostati na kuitupa. Thamostati ni mlango mdogo unaofunga maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi, na kwenye magari mengi ya Kijapani hufunguka karibu na nyuzi 82. Ikitolewa, maji hupita kwenye rejeta muda wote. Kwenye foleni ya Dar mwenye gari ataona mshale umeshuka na kushukuru. Lakini akienda safari ya usiku, au akiishi Mbeya au Limuru, injini haifikii joto lake. Kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza linawashwa, inaendelea kumwaga petroli ya ziada, ulaji wa mafuta unapanda, na oili inabaki na unyevunyevu uliopaswa kukauka. Kibaya zaidi, ugonjwa wenyewe haujaguswa. Rejeta iliyoziba bado imeziba, feni dhaifu bado ni dhaifu, na kilichoondolewa ni dalili ya mapema.

Kosa la pili ni maji. Visima vingi vya Dar es Salaam na miji ya pwani vina chumvi, na maji hayo hayo ndiyo yanayomiminwa kwenye rejeta na kijana wa kuosha magari kwa nia njema kabisa. Silinda hedi za injini hizi ni za alumini, na alumini na chumvi havikai pamoja. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu na huchemka kwa joto la juu kuliko maji, hasa ikiwa kifuniko cha rejeta kinashika presha. Kifuniko chenyewe ni spea ya shilingi 15,000 hadi 30,000 ambayo watu huipuuza mpaka injini inachemsha.

Gharama hupanda hatua kwa hatua. Kumwaga maji machafu na kujaza kulanti halisi ni kati ya shilingi 40,000 na 80,000. Thamostati mpya haifiki 100,000 kwa magari mengi ya kundi hili. Rejeta mpya isiyo ya kampuni ni laki 2 hadi 4. Gari likichemsha mpaka gasketi ya silinda hedi ikaungua, hesabu inaruka: gasketi, kusawazisha hedi kwenye mashine, boliti, oili, kulanti na ufundi vinakupeleka kati ya laki 6 na milioni 1.2. Hedi ikiwa imepinda kupita kiasi au injini imenoki, utatafuta injini nzima ya mtumba, na hapo ni milioni 2.5 hadi 5 kutegemea aina. Gari ni lile lile na chanzo ni kile kile. Tofauti kati ya 80,000 na milioni 5 ni muda uliopita bila mtu kufungua kifuniko cha rejeta asubuhi, injini ikiwa imepoa, na kutazama rangi ya maji. Yakiwa ya kahawia, umeshajua jinsi gari hilo lilivyotunzwa, hata kama rangi ya bodi inameta.

Sasa CVT, ambayo ndiyo imewaliza wengi zaidi kwenye X-Trail T31 na ndugu yake Nissan Dualis. Ndani yake kuna puli mbili za chuma na mkanda wa chuma uliosukwa kwa vipande vingi vyembamba. Puli zinapanuka na kujibana, na mkanda unapanda na kushuka juu yake, hivyo gari linabadili mwendo bila kuruka gia. Kinachobana puli ni presha ya oili, na oili hiyo hiyo ndiyo inayofanya chuma kishikane na chuma bila kuteleza na bila kulana. Kazi mbili hizo zinapingana, na ndiyo maana oili ya CVT ina kemia yake. T31 inataka ile ambayo Nissan huiita NS-2; T32, iliyotoka mwishoni mwa 2013, inataka NS-3. Haidroliki ya kawaida, ile nyekundu inayouzwa kila duka la Gerezani, haiwezi kuchukua nafasi yake. Ikiwekwa, mkanda unaanza kuteleza, unachuna uso wa puli, na unga wa chuma unazunguka ndani ya giaboksi nzima.

Giaboksi hizo zilitengenezwa na Jatco, na udhaifu wake haukuanzia Afrika. Huko Marekani, Nissan ilirefusha dhamana ya CVT za magari yake ya 2003 hadi 2010 kutoka miaka 5 au maili 60,000 hadi miaka 10 au maili 120,000. Miongoni mwa magari hayo ni Rogue, ambayo ni ndugu wa damu wa T31. Mnunuzi wa Marekani alipata dhamana, nasi tukapata gari baada ya dhamana kuisha.

Dalili za CVT inayokufa huwahi kuonekana kwa anayezijua. Kuna mvumo unaopanda na mwendo, kama wa beringi, lakini hauondoki ukibadilisha beringi. Kuna mtetemo wa gari kusitasita likiwa kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa. Na kuna ile dalili ya milimani: gari linapanda vizuri, kisha ghafla linakataa, ukikanyaga mafuta mzunguko wa injini haupandi. Hapo kompyuta imeona oili ya giaboksi imepata moto na imeamua kulinda giaboksi kwa kukunyima nguvu. Ukiegesha nusu saa linarudi kama kawaida, na wauzaji wasio waaminifu wanalijua hilo vizuri. Kwa hiyo kulijaribu gari la CVT kwa kuzunguka mtaa dakika 5 ni kupoteza wakati. Liendeshe mpaka lipate moto kamili, angalau nusu saa, kisha litafutie mlima. Mlima Kitonga na mpando wa Mai Mahiu vimefichua giaboksi nyingi, lakini hata mwinuko mrefu wa mjini baada ya foleni utasema kitu.

Kubadilisha oili ya CVT ni kama 150,000 hadi 250,000, kwa sababu inayotoka kwa kufungua nati ya chini ni lita 4 au 5 tu, karibu nusu ya iliyomo. Nashauri ifanyike kila kilomita 40,000 kwa joto letu na foleni zetu, hata kama muuzaji anadai oili hiyo ni ya maisha ya gari. Kipoza oili cha nje, kwa gari la kwenda mikoani, ni laki 3 hadi 5 na kinastahili kila senti. Giaboksi nzima ya mtumba ni kati ya milioni 2 na 4, na hapa kuna jambo ambalo gereji nyingi hulipita: giaboksi hizi zina data za kalibresheni zinazopaswa kuingizwa kwenye kompyuta kwa mashine baada ya kufungwa. Zikiachwa, giaboksi nzima kabisa itashika vibaya, na mwenye gari ataambiwa ameuziwa mbovu, anunue nyingine. Muulize fundi kuhusu data hizo kabla hajaanza kazi. Akikutazama bila kuelewa, tafuta fundi mwingine. Na gari la CVT lenye magurudumu manne yanayovuta likizimika njiani, lipandishwe juu ya lori la kubebea magari. Kulivuta kwa kamba mpaka Chalinze ni kuongeza hasara juu ya hasara.

Wanaokimbilia Toyota kwa kuogopa CVT wanapaswa kusoma kibao pia. RAV4 ya kizazi cha 2005 na Vanguard ya lita 2.4, kama zilivyouzwa Japani, zina CVT. Ya Toyota imejijengea sifa nzuri zaidi, na kwa maoni yangu sifa hiyo ni ya haki, lakini nayo ina oili yake na nayo huuawa na haidroliki. Aliyenunua Vanguard akiamini amenunua "otomatiki ya kawaida ya Toyota" ndiye anayeimwagia oili isiyo yake.

Injini za Toyota nazo zina siri. RAV4 ya lita 2.0 ya kizazi cha 2000 hadi 2005 iliyotoka Japani ina injini iitwayo 1AZ-FSE, ambayo mtaani inajulikana kwa jina la D4. Injini hii inanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa na haizisafishi. Masizi yanajikusanya kwenye vali na kwenye njia za hewa, mzunguko wa injini unapanda na kushuka gari likiwa limesimama, gari linatetema kwenye taa za barabarani, asubuhi linawaka kwa shida. Pampu yake ya presha kubwa haipendi petroli chafu. Kusafisha njia za hewa kwa uaminifu kunataka kufungua sehemu ya juu ya injini, laki 3 hadi 6, na baada ya muda masizi hurudi. Gari lenyewe ni zuri, bodi imara, spea za chini zimejaa Kariakoo. Injini ndiyo tatizo, na jina RAV4 halitakuonya.

Injini ya lita 2.4, 2AZ-FE, ni tulivu zaidi lakini ina tabia ya kula oili, hasa zilizotengenezwa kati ya 2006 na 2009 hivi. Matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni huziba na ringi zinashindwa kuifuta oili ukutani mwa silinda. Toyota ilikubali tatizo hilo Marekani na mwaka 2015 ikawarefushia wateja wake dhamana ya kurekebishiwa. Kwetu dawa kamili, pistoni na ringi mpya, ni kufungua injini yote, na wengi huona heri kununua injini nyingine kwa milioni 3 au zaidi. Lakini injini inayokula nusu lita kwa kila kilomita 1,000 inaweza kuishi miaka mingi ikiwa mwenyewe anavuta kipimo cha oili kila wiki na kuongeza. Inayokufa ni ile inayoendeshwa na mtu anayesubiri taa ya oili iwake. Taa hiyo ni ya presha. Ikiwaka, uharibifu umeshaanza.

Turudi kwa T30, ambayo mimi naiona imesingiziwa. Ugonjwa wake maarufu, kuzimika ghafla barabarani likiwa na moto na kukubali kuwaka baada ya kupoa, hutokana na sensa mbili ndogo, ya krenki na ya kemshafti. Mashine ya kupimia ikionyesha P0335 au P0340, huko ndiko pa kuanzia. Sensa halisi ni kama laki 1 hadi 2 kila moja; za bandia zinauzwa elfu 30, na nyingi huanza kusumbua baada ya muda mfupi. Nimesikia habari za watu waliobadilisha pampu ya mafuta, koili, plagi, hata kompyuta ya gari, kabla mtu hajafikiria sensa. Gharama ya T30 kwa watu wengi ni gharama ya kubahatisha.

Jambo la T30 linalostahili hofu liko kwenye ekzosi. Injini za familia ya QR, hasa QR25DE ya lita 2.5, zina kichujio cha moshi kilichokaa karibu kabisa na injini. Kikizeeka kinamumunyuka, na unga wake mgumu unaweza kuvutwa kurudi ndani ya silinda na kuchubua kuta zake. Kinachofuata ni moshi wa buluu na kula oili. Ukiwasha injini baridi na kuona moshi wa buluu usiokoma, acha gari hilo, bei iwe ndogo kiasi gani.

Subaru Forester inahitaji mwenye nidhamu. Mpaka karibu na 2010 zilikuwa na injini za familia ya EJ, zinazoendeshwa na mkanda wa taimingi wa mpira. Mkanda huo unabadilishwa kila kilomita 100,000, pamoja na puli zake na pampu ya maji, kwa kama laki 3 hadi 6. Ukikatika, vali zinagongana na pistoni na hesabu inakuwa ya injini nzima. Kilomita za kwenye dashibodi si ushahidi, kwa sababu kurudisha namba nyuma ni biashara iliyozoeleka; kama hakuna karatasi inayothibitisha mkanda umebadilishwa, hesabu haujabadilishwa na uukate kwenye bei. Gasketi za silinda hedi huvuja zaidi kwenye EJ25 kuliko EJ20. Na kwa kuwa injini imelala, hedi ni mbili, moja kila upande, hivyo kazi ni mara mbili. Fundi makini huiteremsha injini yote kwanza. Tenga milioni 1 hadi 1.8.

Forester zenye taabo zina jambo lao. Kwenye baadhi ya injini hizo kuna kichujio kidogo mno ndani ya boliti ya bomba la oili linalokwenda kwenye taabo. Oili ikichelewa kubadilishwa, kichujio kinaziba na taabo inakosa oili. Taabo ya mtumba haipungui laki 6. Forester zisizo na taabo za kizazi cha 2012 zina injini ya FB20 yenye cheni, na nyingi zina CVT. Baadhi ya injini za FB za miaka ya mwanzo nazo zilikuwa zikila oili, na Marekani kesi ya wateja juu ya jambo hilo ilimalizwa kwa mapatano mwaka 2016.

Baadhi ya Forester za zamani zina shokapu za nyuma zinazojinyanyua zenyewe zikibeba mzigo. Zikifa, fundi anafunga shokapu za kawaida na gari linakaa chini kama limebeba saruji, kwa sababu springi zake zilitengenezwa laini kwa makusudi. Lazima springi zibadilishwe pamoja nazo. Halafu kuna matairi: Subaru inavuta kwa magurudumu yote muda wote, na tairi mbili mpya na mbili zilizokwisha zinaifanya mifumo ya katikati ya giaboksi ishindane bila kupumzika. Anayeshindwa kununua tairi nne kwa mpigo asinunue Subaru.

Honda CR-V haina makeke mengi. Ukikata kona kali ukasikia mguno nyuma, ni oili ya difu ya nyuma imechoka, na inataka oili maalumu ya Honda. Kazi yote haizidi 150,000, lakini wapo walioambiwa wanunue difu nzima. Kizazi cha 2001 hadi 2006 kinajulikana kwa kompresa ya kiyoyozi inayovunjika na kutawanya vipande kwenye mfumo wote, kwa hiyo jaribu kiyoyozi kabla ya kulipa. Suzuki Escudo ya 2005 na kuendelea ni gari gumu la barabara za vumbi. Sikiliza tu mlio wa cheni ya taimingi ukiwasha asubuhi. Volkswagen Tiguan za miaka ya mwanzo zenye taabo ya petroli zina kikaza cheni dhaifu, na injini ya lita 2.0 ya kipindi hicho inaweza kula oili. Sizishauri kwa mtu aliye mbali na fundi mwenye mashine ya Volkswagen.

Mazda CX-5 ya dizeli nataka kuisemea kwa mkazo, kwa sababu watu wanaipenda kwa nguvu zake na ulaji wake mdogo. Ina chujio la masizi kwenye ekzosi linalojisafisha kwa kujichoma, na kujichoma kunahitaji mwendo mrefu wa kasi. Anayekwenda na gari hili kazini kilomita 8 za foleni kila siku anakatiza usafishaji huo kila mara. Dizeli ya ziada inayonyunyizwa kwa ajili ya kuchoma masizi inashuka kwenye oili, oili inakuwa nyepesi, injini inaisha. Wanaotoboa chujio hilo na kuidanganya kompyuta wanahamishia moshi kwenye mapafu ya watoto wanaotembea kandokando ya barabara. Kwa safari za Arusha na Dodoma kila wiki, nunua gari hili. Kwa Mbagala hadi Posta, chukua la petroli.

Miguu ya gari, yaani bushi, boljointi, stabilaiza linki, shokapu na beringi, ni gharama ya barabara kuliko ya gari. Matuta na mashimo yetu yatakula bushi za kila chapa. Linki za pande mbili ni kama 60,000 hadi 120,000, shokapu mbili za mbele laki 2.5 hadi 5, na kazi hizi zinafanyika kwa siku moja. Hakuna sababu ya kukataa gari zuri kwa kelele za chini, ila zitumie kupunguza bei.

Kwenye spea, kanuni yangu ni fupi. Vitu vya mpira na vinavyochakaa, kama mikanda, bushi, pedi za breki na pampu ya maji, vinunuliwe vipya, hata kama si vya kampuni ya gari. Vya umeme, kama sensa, koili na kompyuta, mara nyingi cha mtumba halisi kutoka Japani kinakishinda kipya cha bandia. Na kabla ya kununua chochote, gari lipimwe kwa mashine, kisha fundi aeleze kwa nini namba ya hitilafu iliyoonekana imejitokeza. P0171 maana yake ni hewa nyingi kuliko petroli; huenda ni bomba lililopasuka la shilingi 10,000, huenda ni sensa ya hewa, huenda ni pampu. Fundi anayeruka moja kwa moja kutoka kwenye namba hadi dukani anabahatisha kwa fedha yako.

Kwa gari lililotumika humu nchini, tenga asilimia 15 ya bei ya kununulia kwa ajili ya mwaka wa kwanza, na wiki ya kwanza badilisha vimiminika vinne: oili ya injini, ya giaboksi na ya difu, pamoja na kulanti. Kwa lililotoka bandarini, asilimia 10 inatosha, lakini oili zibadilishwe vile vile, na udai karatasi ya mnada. Ikiandikwa R au RA, gari limewahi kugongwa na kurekebishwa.

Kwa familia yenye mshahara mmoja na fundi wa mtaani, chaguo langu la kwanza ni CR-V ya 2001 hadi 2006 ya lita 2.0, la pili ni X-Trail T30 ya lita 2.0 yenye giaboksi ya gia nne na sensa halisi. Kwa mwenye uwezo wa kununua la karibuni na nidhamu ya kulihudumia kwa tarehe, Forester ya 2013 na kuendelea au X-Trail T32. T31 ichukuliwe tu ikiwa imepanda mlima ikiwa na moto bila kusita. Na ukifungua boneti ya RAV4 inayong'aa, ukakuta kwenye kibao imeandikwa 1AZ-FSE, ifunge, mshukuru dalali, uendelee kutafuta.